Mwaka wa pili sivili, nakaa Chanika kwa baba mdogo na chuoni sina mtu. Nihame au nivumilie?

NondoKumiNaMbili (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, heshima kwenu wote. Mimi ni kijana wa miaka 22, nipo mwaka wa pili nasoma uhandisi sivili chuo kimoja hapa Dar, jina la chuo naomba niliache maana humu kuna watu wa darasani kwetu nawatambua hata kwa mwandiko. Wale wa kukejeli naomba leo mpite kimya kimya, sina nguvu.

Iko hivi. Kwetu ni Nzega, advansi nimesoma PCM nikapata divisheni wani, shule ilikuwa ndogo tunajuana wote mpaka mbwa wa mlinzi. Nilipochaguliwa chuo baba mdogo akapiga simu nyumbani akasema mtoto wa kaka yangu hawezi kupanga chumba mjini wakati mimi nina nyumba, aje hapa ale, alale, asome. Nikaona ni baraka na kweli ni baraka, sijawahi kulala njaa hata siku moja, mama mdogo ananiwekea chakula kwenye hotipoti hata nikirudi usiku. Tatizo ni umbali. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili nipate gari la kukaa, napanda magari mawili na siku ya foleni yanakuwa matatu, nikichelewa robo saa tu basi nimeshikwa Gongo la Mboto mpaka kipindi cha saa mbili kinaisha. Jioni vipindi vikiisha wenzangu ndo wanaanza maisha, wanaoga, wanakula, wanashuka vimbwetani (zile meza za nje za kusomea) na taa zao kupiga diskasheni mpaka usiku mnene, mimi hapo nimebanwa mlangoni mwa daladala na begi kifuani. Nafika saa mbili, saa tatu, na kuna wadogo zangu wawili wa shule ya msingi wananisubiri na homuweki za hesabu, siwezi kuwaambia nimechoka maana nakula kwao.

Mwaka wa kwanza nikajipa moyo kwamba mimi ni wa kusoma mwenyewe, PCM si nilisoma mwenyewe bwana. Majibu yakaja na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, Strengthi (somo la nguvu za vifaa) na droingi (uchoraji wa kihandisi). Strengthi nilizembea, nakiri. Ila droingi wakuu, sikuwahi kushika tisikwea, ile rula ya T ya kuchorea, maishani, halafu nimekaa meza moja na vijana wa Ifunda, Moshi Tech, Tanga Tech, watu waliochora tangu fomu wani. Mwalimu akisema chora muonekano wa mbele, wa juu na wa ubavuni wao wanamaliza wanachonga penseli, mimi bado najiuliza ile mistari ya vikato inaanzia wapi. Sapu nimezichomoa zote lakini kwetu ukisapua hata upate mia unaandikiwa C.

Sasa lililonifanya niandike. Mwezi uliopita tulikuwa na testi, kwa kumbukumbu zangu ilikuwa ukumbi uleule wa siku zote. Usiku CR (kiongozi wa darasa) akatuma kwenye grupu la WhatsApp kwamba ukumbi umebadilishwa, mimi bando limekata tangu jioni. Nikafika asubuhi nikakuta ukumbi mtupu, nikakaa kiti cha mbele nikatoa kikokotoo na kalamu nikafurahi kabisa kwamba leo nimewahi. Nilikaa dakika arobaini. Alikuja mama wa usafi akaniuliza mwanangu unamsubiri nani.

Darasa letu lina watu karibu 180 na hakuna hata mmoja aliyejiuliza yule wa Chanika yuko wapi. Na siwalaumu, hata mimi sijui nani hakufika. Testi ile sikurudiwa.

Kuna jamaa mmoja wa Sumbawanga huwa tunakaa jirani maabara ameniambia njoo nikubebe hosteli, tutalala mzungu wa nne mpaka tuone. Naogopa vitu viwili. Kwanza baba mdogo atasemaje, nahisi ataona nimemdharau. Pili hizo diskasheni zenyewe, je zinasaidia kweli au nitaenda kuchekwa tu na watu waliozoeana tangu mwaka wa kwanza? Naombeni ushauri wa mtu aliyepita, nawasilisha.

Mropokaji

Yaani una hotipoti ya mama mdogo halafu unataka kwenda kulala miguu ya mtu wa Sumbawanga ipo puani. Nipe ramani ya hapo Chanika nihamie mimi, homuweki za hesabu nitafundisha mpaka za jirani.

(Natania dogo, hiyo ya ukumbi mtupu imeniuma. Nimekaa hapa nasubiri wenye akili.)

DadaSpana

Pole mdogo wangu. Mimi nimemaliza uhandisi mitambo 2014, darasa la watu sabini na kitu wasichana tulikuwa sita, kwa hiyo hiyo ya kukaa katikati ya umati na huna mtu naijua vizuri sana.

Nikujibu la pili kwanza maana la kwanza ni gumu. Utachekwa, ndiyo. Wiki ya kwanza utachekwa, ya pili utakuta na wewe unamcheka mwingine. Watu wanadhani diskasheni ni mahali mwenye akili anawafundisha wasio na akili, siyo hivyo, kwetu hata kinara wa darasa alikuwa anakwama swali la tatu kama sisi tu, tofauti yake alikuwa anakwama mbele za watu bila aibu, anafuta, anaanza upya, na wewe uliye pembeni unaona kumbe hata yeye alisahau kubadili milimita kuwa mita. Chumbani kwako peke yako kosa hilo utalibeba mpaka kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

Ila nisikudanganye kwamba ni asali tupu. Mimi kwenye kundi langu la karakana nilipewa uandishi wa ripoti bila kuulizwa, eti mwandiko wako mzuri. Wenzangu wanashika mashine ya kukerezea mimi nashika daftari, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne nikavaa ovaroli langu (lilikuwa kubwa nimekunja mikono mara tatu, hakukuwa na saizi yangu), nikamwekea kiongozi wa kundi daftari mkononi nikamwambia leo katibu ni wewe. Akacheka akadhani utani. Nikafunga chuma nikaanza kukereza, na nikakiharibu. Kipande kilitakiwa kiwe milimita 20, nilijisahau kwenye piga ya mwisho nikakila kikabaki 18. Kukawa kimya. Halafu mmoja wa kule nyuma akasema karibu chamani dada, mimi wiki iliyopita niliharibu viwili. Tukaomba kipande kingine tukaanza upya. Hao watu mpaka leo nikikwama kazini nampigia mmoja wao kabla sijafungua kitabu.

Sasa bumu, hela ya kujikimu ya mkopo. Enzi zetu ilikuwa 7,500 kwa siku, siku hizi mnapewa 10,000, na nyumbani kwa baba mdogo hukuwa unaihesabu. Hosteli utaihesabu. Inaingia kwa mkupuo, wiki mbili watu wote ni wafalme, kuku na viatu, halafu wiki ya saba unaanza kupiga pasi ndefu, unakunywa chai saa nne unasubiri ugali wa usiku. Siku inapoingia toa hela ya chakula mpaka mwisho, mpe mtu mkali akushikie. Mimi alikuwa ananishikia rumeti wangu, na alikuwa ananinyima kabisa, nikilia analia na mimi lakini hatoi.

La baba mdogo: anza na mama mdogo. Yule anayekuwekea hotipoti ndiye anayejua unarudi saa ngapi na macho yako yakoje. Na usithubutu kuaga kwa meseji.

KichwaNgumu

Mimi nitapingana na wengi na mnipige mawe tu nimezoea.

Nimekaa hosteli miaka minne yote, chumba cha watu wanne kimelaliwa na saba. Diskasheni nilizoziona mimi nusu saa ni swali, saa mbili ni nani kaachana na nani, saa nyingine ni Simba na Yanga, halafu inafika saa saba usiku mtu anasema jamani tupige picha hili jibu tukasome wenyewe. Kwenye kazi za makundi tulikuwa sita, wawili tunafanya, wanne abiria, na nauli hawalipi. Mwaka wa tatu nikajitoa, nikawa nakaa maktaba kona ileile kila siku mpaka mhudumu akawa ananiwekea kiti, na GPA yangu ndo ikapanda. Leo nimesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na sijawahi kumkumbuka hata abiria mmoja.

Halafu hiyo ya kubebwa mnamshauri mtoto bila kumwambia ukweli. Wadeni (msimamizi wa hosteli) akiamua kupita usiku akakuta vichwa viwili kitanda kimoja, anayefukuzwa siyo wewe peke yako, ni na mwenyeji wako aliyekusitiri. Kwetu mmoja alikimbia kwa dirishani na taulo, tulicheka lakini mwenyeji wake alimaliza muhula analala kwa kuhamahama. Utamlipa nini huyo wa Sumbawanga?

Ushauri wangu kaa kwa baba mdogo, kula hotipoti, omba nafasi halali ya hosteli kwa barua, na nunua bando la mwezi. Testi hukuikosa kwa sababu ya upweke, uliikosa kwa sababu ya bando.

DadaSpana

@KichwaNgumu kwa abiria nakubali, na kwa wadeni nakubali pia, dogo hapo msikilize. Ila umesema umesajiliwa ERB. Ile miaka mitatu ya SEAP, mafunzo ya kazini kabla ya kusajiliwa, ulijisimamia mwenyewe? Kitabu chako alikuwa anakusainia nani?

KichwaNgumu

Hapo umenishika pabaya 😂

Haya niseme ukweli, mhandisi aliyenisimamia nilimpata kupitia mmoja wa wale abiria, ni mjomba wake. Lakini bado alikuwa abiria.

KomrediWaJuja

Niaje watu wa TZ, mimi ni mkenya nimefanya sivili huku Juja, sisi ni miaka mitano si minne kwa hivyo nimeumia zaidi yenu wote, nataka niwekee huyu jamaa kitu moja hapa.

Tulikuwa watu sita kwa bedsita mbili zimepakana. Kupika ni kwa zamu, kila mtu anatoa unga ama sukuma ama mafuta, laptopu yenye ilikuwa na AutoCAD ilikuwa moja pekee na ilikuwa inalala kwa mwenye ako na dedlaini, yaani laptopu ilikuwa na ratiba kuliko lekchara. Sasa kwa hao sita mmoja hakuwa anaishi hapo. Alikuwa anatoka kwao Thika, mamake alikuwa mgonjwa na hakukuwa na mtu mwingine kwa nyumba, hakuwa anaweza kuhama. Tulifanya nini? Tulihamisha masaa. Tukakubaliana kusoma asubuhi saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili, maanake ndio saa yake ya kufika, na Jumamosi. Wasee walilalamika juu kuamka ni shida, lakini vile tulianza tukagundua asubuhi hakuna story za mpira, kila mtu ako na usingizi na anataka tu kumaliza. Huyo jamaa wa Thika ndiye alikuwa anatuamsha kwa simu akiwa kwa matatu.

Kwa hivyo boss, wewe umesema unatoka kwenu saa kumi na moja asubuhi. Siku haina jam unafika saa ngapi? Kabla ya saa mbili uko na dakika ngapi za bure? Usiulize tu kama wewe uende kwao, waulize kama wao wanaweza kuja kwako. Anza na huyo wa Sumbawanga pekee yake. Watu wawili ni kikundi tayari.

MzeeWaTisikwea

Nimesoma uzi wote nikiwa nimevua miwani nikaivaa tena.

Mimi nimeingia chuo 1984 nikitokea JKT Makutupora, wakati huo ukitaka shahada ya uhandisi hapa nchini ni Mlimani tu (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), kitivo chenyewe kilianza 1973 kwa hiyo walimu wengine walikuwa ni vijana wenzetu wa juzi tu. Hatukuwa na kompyuta ya kuchorea. Tulichora kwa wino juu ya karatasi ya kuangaza, kalamu za Rotring, na kalamu hizo zilikuwa za kuazimana maana seti moja ilikuwa bei ya mbuzi. Usiku wa kuamkia kukabidhi mchoro wa daraja nilidondosha tone la wino katikati ya nguzo. Si pembeni, katikati. Nilikaa kitandani nikaangalia tone. Mwenzangu wa chumbani, ambaye na yeye hakuwa amemaliza wake, akashuka akavunja wembe vipande viwili, akaanza kulikwangua lile tone taratibu kama anayemnyoa mtoto mchanga, dakika ishirini hivi, halafu akapasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Kisha akarudi kwenye wake. Kulikucha hajamaliza, akakabidhi ukiwa na upungufu. Hajawahi kunidai hilo jambo. Mimi ndiye ninayelitaja kila tukionana, yeye anasema amesahau.

Kijana, hayo ya diskasheni wenzangu wamesema. Mimi nataka kusema la baba yako mdogo, kwa sababu na mimi ni baba mdogo.

Nilikaa na mtoto wa marehemu kaka yangu miaka miwili, anasoma. Siku moja narudi kazini nakuta kitanda kimetandikwa vizuri na karatasi juu ya mto, "baba nimehamia karibu na chuo, asante kwa yote." Maneno mazuri tu. Nilikaa na donge miaka miwili. Watu walidhani nimekasirika kwa sababu ameondoka. Ningemruhusu yule, ningempeleka mwenyewe na gari. Nilichokasirikia ni kusoma. Amekaa kwangu, tumekula sahani moja, halafu mimi nisome.

Kwa hiyo fanya hivi. Baba yako wa Nzega ajue kwanza, apige simu yeye, aseme mwanao ana neno na wewe. Mama mdogo ajue, hapo dada amesema sawa. Kisha usiku baada ya kula, watoto wamelala, redio imezimwa, kaa chini. Usimpe taarifa. Omba ruhusa. Mtu mzima hujua tofauti ya hivyo viwili hata kama maneno ni yaleyale. Na hiyo habari ya ukumbi mtupu mweleze kama ulivyotueleza sisi, usiipunguze, nakuhakikishia hajui. Yeye anakuona unatoka na giza unarudi na giza, anajivunia kwa majirani kwamba mwanangu anasoma sana.

Mropokaji

Mzee nimekuelewa. Na mimi kuna mtu niliondoka kwake na karatasi, ngoja nikapige simu.

NondoKumiNaMbili (mleta mada)

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani ni wiki saba zimepita, nilikuwa nasoma kila mnachoandika ila sikuwa na la kusema.

Nilianza na ushauri wa mkenya maana ulikuwa hauhitaji ruhusa ya mtu. Saa kumi na mbili na nusu kimbwetani na jamaa wa Sumbawanga. Wiki ya kwanza tulikuwa wawili, ya pili tukawa watano, ya tatu mvua ikanyesha tukabaki wawili tena na mmoja amelala mezani. Lakini tukaendelea. Komredi asante sana, na ni kweli asubuhi hakuna habari za mpira, isipokuwa Jumatatu.

Kisha ikaja saveyi, somo la upimaji ardhi. Tuliwekwa makundi ya watu saba, tunazungusha levo, ile darubini ya kupimia tofauti ya vimo, kuzunguka majengo ya chuo kama kilomita moja hivi, unaanzia kwenye alama unarudi palepale, na kinachoruhusiwa kupotea ni milimita 12. Mimi nilipewa kushika stafu, ile rula ndefu inayosomwa kwa levo, kazi ya mtu asiyejulikana. Tukazunguka jua la saa saba, tukapiga hesabu chini ya mwembe, tumepotea milimita 43. Kila mtu akaanza kumwangalia aliyesoma levo, na yule akaanza kurudia kuhesabu mikono inatetemeka. Mimi nilikuwa najua. Kwenye pointi moja ya kugeuzia bajaji ilinipigia honi, nikanyanyua stafu nikasogea, ikapita, nikarudi nikaiweka pale nilipodhani ndo palepale. Na palikuwa mchanga. Nikakumbuka ile milimita 18 ya dada. Nikasema ni mimi. Nikasubiri.

Yule wa levo alishusha pumzi kama gari la breki za upepo. Akasema Nondo ungeniua bure. (Nondo ni jina walilonipa wao kwa sababu ni mwembamba, nilijiandikisha nalo humu kimya kimya sikujua kama kuna siku nitaliitikia.) Tukarudia wote, mara hii mmoja alikuwa anasimama barabarani kuzuia bajaji kama trafiki, tukafunga na milimita 7. Tulimaliza saa kumi na mbili jioni na nikala nao, gari nililipata saa mbili usiku.

Siku hiyo ndo niliamua. Baba alipiga simu kutoka Nzega. Mama mdogo nilipomwambia alisema nilikuwa nasubiri utasema lini, mwezi wa tatu huu unalala na viatu. Usiku nikakaa na baba mdogo, nikaomba ruhusa, nikamweleza na ukumbi mtupu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikasikia friji. Halafu akauliza, godoro la futi mbili na nusu linauzwaje siku hizi? Nikasema sijui. Akasema basi kesho tutajua.

Sijahamia kubebwa, KichwaNgumu nilikusikia. Niliandika barua, nikapata nafasi muhula huu ulivyoanza, kitanda cha juu karibu na taa. Masharti ya baba mdogo ni Jumamosi moja ndiyo moja siyo niende Chanika, wale wadogo zangu wana mtihani wa taifa mmoja wao yuko la saba. Mama mdogo ananirudisha na hotipoti, inafika hosteli saa mbili inakuwa imekwisha saa mbili na dakika tano.

Sasa nina swali lingine na hili ni la kitaalamu, Mzee naomba unisaidie. Juzi tumevunja miche yetu ya zege, ile michemraba ya sentimita 15 ya kupimia nguvu, mchanganyiko wa kufikia megapaskali 25 siku ya 28. Siku ya saba tulikuwa na mitatu. Miwili imetoa 17 na 18, tukashangilia. Wa tatu umetoa 9.5, na haukupasuka pande zote nne kama ile mingine, umepasuka upande mmoja tu, upande wa pili mzima. Zege ni lilelile, siku ileile, umekaa tangi moja. Kundi linasema ni mimi niliyeshindilia vibaya. Mimi nakataa, nilihesabu mapigo mwenyewe. Tuna mingine mitatu ya siku 28 na hatutaki kuiharibu.

MzeeWaTisikwea

Mpe baba yako mdogo salamu zangu, mwambie kuna mwenzake humu.

Kabla hujagombana na mtu, nani aliuweka huo wa tatu kwenye mashine? Na aliuweka ukiwa umetazama wapi? Ule uso wa juu mliousawazisha kwa mwiko?

NondoKumiNaMbili (mleta mada)

Aliuweka wa Sumbawanga, sisi wengine tulikuwa tunaandika matokeo ya ule wa pili. Ngoja nimuulize yuko hapa kitandani chini.

Anasema ndiyo, uso wa mwiko ulikuwa juu, yeye aliona ndo unavyokaa kwenye moldi, lile kasha la kumwagia zege.

MzeeWaTisikwea

Basi siyo wewe. Uso wa mwiko hauwi bapa kamili hata msawazishe namna gani, mashine imekanyaga upande mmoja uliopanda, ndiyo maana upande wa pili umebaki mzima. Pande zilizogusa chuma cha moldi ndizo zinazopokea mzigo, ule wa mwiko unakaa ubavuni. Futeni pia mchanga uliobaki kwenye sahani za mashine, na mche ukae katikati kabisa.

Na usimwambie kwa sauti ya ushindi.

NondoKumiNaMbili (mleta mada)

Nimeshachelewa mzee. Amenirushia ndala.